Tovuti Inapouliza Mgeni Ametoka Nchi Gani

Na Mwandishi Wetu, Buigiri

Mwananchi aliyepo Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, anapofungua tovuti ya taasisi ya umma kwa simu yake, seva inayohifadhi tovuti hiyo haioni jina lake wala kijiji chake. Inaona namba. Namba hiyo huitwa anwani ya IP, na kwa kuilinganisha na orodha maalumu, tovuti inaweza kukisia kuwa mgeni wake yuko Tanzania, Kenya, Oman au Uholanzi, kisha ikaamua kumfungulia au kumfungia mlango.

Uamuzi huo unaweza kuandikwa kwa mistari michache tu ya msimbo wa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alianza kuitengeneza mwaka 1994 na ambayo hadi leo inaendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani. Urahisi huo una hatari yake, kwa kuwa mistari hiyo hiyo inaweza kumfungia nje mwananchi ambaye tovuti ilijengwa kwa ajili yake. Makala haya yanaeleza namna zuio la nchi linavyofanya kazi, pale linaposaidia, na sababu za kutolitumia kuamua nani apate taarifa ya umma.

Anwani za IP za toleo la nne, ambalo bado linatumika sana, ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ugawaji wake husimamiwa na taasisi tano za kikanda, na kwa Afrika jukumu hilo ni la AFRINIC, yenye makao yake Ebène nchini Mauritius na iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kampuni ya simu ya Tanzania hupewa mafungu ya anwani na kuwagawia wateja wake. Kwa sababu anwani ni chache kuliko simu, wateja wengi hutoka mtandaoni kwa anwani moja, kama abiria wa basi moja lenye namba moja ya usajili. Kampuni za kibiashara hukusanya kumbukumbu za ugawaji huo, huongeza vipimo vyao wenyewe, na kutengeneza hifadhidata inayosema fungu fulani la anwani liko nchi fulani. Inayofahamika zaidi ni ya kampuni ya MaxMind ya Marekani, ambayo hutoa pia toleo la bure kwa anayejisajili. Nchi hutajwa kwa herufi mbili za kimataifa, yaani TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, OM kwa Oman.

Katika PHP, zuio lenyewe huwa na umbo kama hili:

$anwani = $_SERVER['REMOTE_ADDR'];
$nchi = tafuta_nchi($anwani);
if ($nchi !== 'TZ') {
    http_response_code(403);
    exit('Ukurasa huu haufunguki kutoka ulipo.');
}

Mstari wa kwanza unachukua anwani ya mgeni. Wa pili unaiuliza hifadhidata kupitia kitendaji ambacho mwandishi wa programu amekiandaa. Wa tatu unauliza kama jibu ni kitu kingine kisichokuwa Tanzania, na ikiwa ndivyo, mgeni anapewa jibu namba 403, ambalo katika lugha ya mtandao lina maana ya kuzuiwa. Neno exit halipo pale kwa mapambo. Wapo waandishi wa programu ambao humwelekeza mgeni kwenye ukurasa mwingine bila kuliandika, na seva ikaendelea kutekeleza msimbo uliobaki na kutuma ukurasa mzima nyuma ya pazia. Mgeni wa kawaida haoni kitu, lakini mwenye nia mbaya hupokea kila kitu.

Sababu ya kutamani zuio la namna hii inaeleweka. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la huduma za Serikali ya Kenya, eCitizen, lilishambuliwa kwa maombi mengi yaliyotumwa kwa pamoja ili kuizidi nguvu mifumo yake. Maombi ya viza kwa njia ya mtandao yalikwama, na Serikali ya nchi hiyo ililazimika kuruhusu wasafiri waliostahili kupewa viza wanapowasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mtu anayesimamia tovuti ya umma na kusoma habari kama hiyo anaweza kujiuliza: kama huduma yangu ni ya Watanzania, kwa nini niache mlango wazi kwa dunia nzima?

Jibu limo katika tukio lile lile. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya raia wawili wa Sudan kuhusiana na mashambulizi ya kundi hilo. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa wakati huo, mashambulizi hayo hayakupigwa kutoka kompyuta zilizopo Sudan. Yalitegemea seva za kukodi na vituo vya kupitishia mawasiliano. Msimamizi ambaye angeizuia Sudan kwa kuamini jina la kundi angewaumiza Wasudani wa kawaida na kuwaacha washambuliaji waendelee. Isitoshe, PHP huanza kufanya kazi baada ya ombi kuwa limekwishaifikia seva. Katika shambulio la kuizidi seva nguvu, kuuliza kila ombi limetoka nchi gani ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Kinga ya mashambulizi ya aina hiyo inapaswa kukaa mbele ya seva, katika mtandao wenyewe.

Hata pasipo shambulio, nchi ya anwani si lazima iwe nchi ya mtu. Mtanzania aliyesafiri kwenda Dubai na kuacha laini yake ya nyumbani ikitumia mtandao wa huko, kwa kawaida data yake hurudishwa kwanza kwa kampuni yake, hivyo tovuti humwona kama yuko Tanzania. Mgeni wa kutoka Nairobi aliyelala Buigiri na laini yake ya Kenya huonekana yuko Kenya. Anayetumia VPN, teknolojia inayopitisha mawasiliano katika seva ya mahali pengine, huonekana pale seva hiyo ilipo. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo lililowataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Wapo wanaoitumia kwa kazi halali, zikiwemo ofisi zinazounganisha matawi yake, na mbele ya msimbo ule wa mistari michache wote hao ni wageni wa nchi nyingine.

Hifadhidata nazo hukosea, na makosa yake yana historia. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya Marekani vilieleza habari za shamba moja karibu na mji wa Potwin, jimbo la Kansas. Hifadhidata ya MaxMind ilikuwa imeweka alama ya katikati ya Marekani mahali hapo kwa ajili ya anwani ambazo ilijua tu kwamba ni za nchi hiyo. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa zinaelekeza kwenye shamba hilo, na waliokaa pale walitembelewa kwa miaka kadhaa na polisi na watu wenye hasira waliokuwa wakiwasaka matapeli. Kampuni ilihamisha alama hiyo baada ya habari kutoka. Kosa hilo lilikuwa la mahali ndani ya nchi. Kutaja nchi huwa na uhakika zaidi kuliko kutaja mji, na ndiyo maana simu iliyopo Buigiri inaweza kuandikwa kuwa ipo Dar es Salaam ilhali nchi ikawa sahihi.

Lakini nchi nayo si salama daima. Bara letu lina mfano wake. Kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli, ilipewa na AFRINIC anwani zaidi ya milioni 6, na nyingi zikakodishwa kwa watumiaji walio nje ya Afrika. Mgogoro kati ya pande hizo ulifika katika mahakama za Mauritius mwaka 2021 na kuitikisa taasisi nzima. Bila kuingia katika hoja za kisheria za upande wowote, funzo la kiufundi liko wazi: anwani iliyoandikishwa katika kanda ya Afrika inaweza kuwa inatumika bara jingine, na anwani huhama. Hifadhidata isiyohuishwa huwahukumu wageni wa leo kwa ramani ya zamani. Toleo la zamani la bure la MaxMind liliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2019, na tovuti iliyojengwa kabla ya hapo, ikaachwa bila matengenezo, inaweza kuwa bado inasoma faili hilo kimya kimya.

Yapo pia makosa ya ndani ya tovuti yenyewe, na kwa maoni ya mwandishi haya ndiyo yanayowagusa wananchi mara nyingi zaidi. Tovuti nyingi siku hizi hukaa nyuma ya seva nyingine ya kati inayopokea wageni kwanza. Katika hali hiyo REMOTE_ADDR huonesha anwani ya seva ya kati na si ya mgeni, hivyo tovuti huweza kumzuia kila mtu kwa kosa la mlinzi wake wa getini. Ili kurekebisha, mwandishi wa programu husoma kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For, ambacho hueleza anwani ya asili. Tatizo ni kwamba mgeni yeyote anaweza kujiandikia kichwa hicho atakavyo. Kinaaminika tu pale ombi linapotoka kwenye seva ya kati inayojulikana.

Kisha kuna watumishi wenyewe. Kompyuta za ofisini mara nyingi hutumia anwani za ndani, kwa mfano zinazoanza na 10 au 192.168, ambazo si za nchi yoyote. Hifadhidata haina jibu juu yake. Ikiwa msimbo unasema kila asiye TZ azuiwe, mtu wa kwanza kukuta mlango umefungwa anaweza kuwa mtumishi aliyeketi ndani ya jengo lile lile lenye seva. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote ni lazima iamuliwe: asiyejulikana atokako afunguliwe au afungiwe?

Na mara nyingine zuio halizuii. Fomu na matangazo mengi ya umma huwekwa kama faili za PDF, na seva hutoa faili hizo moja kwa moja bila kuipitia PHP. Ukurasa unakataa, faili linapakuliwa. Kinyume chake nacho hutokea pale tovuti inapohifadhi nakala za muda za kurasa zake ili zifunguke haraka: mgeni wa kwanza akiwa amezuiwa, nakala ya kukataliwa kwake huweza kuhifadhiwa na kupewa wote wanaomfuata, akiwemo yule wa Buigiri.

Madhara mengine hayaonekani siku ya kwanza. Programu ya Google inayopita kwenye tovuti na kuziorodhesha hufanya kazi hiyo zaidi kutoka Marekani. Tovuti inayowakubali wa Tanzania pekee huifungia nje programu hiyo, na baada ya muda kurasa zake hupotea katika matokeo ya utafutaji. Mwananchi aliyepo Dodoma, ambaye hakuzuiwa na yeyote, anatafuta tangazo la ajira au la mnada na halioni. Anachokiona ni kurasa za watu wengine walionakili tangazo hilo, pengine wakabadilisha tarehe au namba ya malipo. Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kuwapa matapeli nafasi.

Vivyo hivyo kwa vyeti vya usalama vinavyoifanya anwani ya tovuti ianze kwa https. Shirika la Let's Encrypt, ambalo hutoa vyeti hivyo bure, tangu Februari 2020 huikagua tovuti kutoka sehemu kadhaa za mtandao duniani kabla ya kutoa cheti, na vyeti vyake kwa kawaida vimedumu siku 90. Zuio la nchi likikataa ukaguzi huo unaofanyika kupitia kurasa za tovuti, cheti hakihuishwi, na miezi michache baadaye kila anayefungua tovuti, popote alipo, anaoneshwa onyo kwamba mahali hapo si salama.

Suala la haki nalo lina uzito. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo chini ya mamlaka za umma kwa kuzingatia mipaka iliyowekwa na sheria hiyo. Uraia haukomi mpakani. Mtanzania aliyeko Muscat, London au Guangzhou anayetaka kusoma masharti ya pasipoti, au mzazi aliye safarini anayefuatilia matokeo ya mtihani wa mwanawe, ni raia yule yule. Msimbo unaouliza nchi ya anwani hauwezi kumtambua. Anayestahili huduma iliyo ya raia pekee anapaswa kutambuliwa kwa njia zinazomhusu yeye mwenyewe, kama namba ya kitambulisho cha Taifa na nenosiri, wala si kwa mahali alipounganishia simu yake.

Baadhi ya tovuti hazimkatai mgeni moja kwa moja. Humtilia shaka kwa sababu ya anwani yake, kisha humpa jaribio la picha: chagua zenye taa za barabarani, chagua zenye pikipiki. Buigiri ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Hapa ndipo ilipo Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri, iliyoanzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana na iliyofungua njia ya elimu kwa watoto wasioona nchini. Mtu asiyeona hutumia intaneti kwa msaada wa programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama vile NVDA inayotolewa bure. Programu hiyo husoma maandishi. Picha ya pikipiki isiyo na maelezo haiwezi kuisoma. Jaribio mbadala la sauti, pale lilipo, mara nyingi ni la Kiingereza chenye makelele ya makusudi. Kwa mtu huyo, "hatua ndogo ya uhakiki" ni ukuta. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inatambua haki yao ya kupata taarifa, na tovuti inayowapima wananchi kwa picha inakwenda kinyume na dhamira hiyo hata kama aliyeiandika hakukusudia.

Je, zuio la nchi lifutwe kabisa? Hapana. Lina mahali pake. Ukurasa ambao watumishi wachache huingilia kuhariri tovuti hauna sababu ya kufunguliwa na dunia nzima, na majaribio mengi ya kubahatisha nenosiri hupungua pale ukurasa huo unapokubali anwani za Tanzania tu, au bora zaidi, anwani za ofisi husika tu. Hata hapo zuio ni uzio wa nje. Uthibitisho wa hatua mbili, nenosiri imara na programu iliyohuishwa ndivyo vinavyolinda nyumba. Kumbukumbu za anwani zinazokusanywa nazo zishughulikiwe kwa uangalifu, kwa kuwa anwani ikiunganishwa na mtu anayetambulika huingia katika eneo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Wakati mwingine zuio hutokana na sheria ya nchi nyingine. Mei 25, 2018, kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data zilipoanza kutumika, magazeti kadhaa ya Marekani, likiwemo Los Angeles Times, yaliwafungia wasomaji wa Ulaya badala ya kubadilisha namna yalivyokusanya taarifa zao. Kwa mazingira ya kisheria ipo namba ya jibu iliyotengwa, 451, iliyorasimishwa mwaka 2016, ambayo humwambia mgeni kwamba ukurasa upo ila haupatikani kwa sababu za kisheria. Ni namba ya uungwana zaidi kuliko 403 isiyo na maelezo.

Mwananchi anayekutana na ukurasa wa kukataliwa katika tovuti ya umma aangalie kwanza kama amewasha VPN, aizime, kisha ajaribu kwa mtandao mwingine, kwa mfano data ya simu badala ya mtandao wa ofisi au hoteli. Ukurasa ukiendelea kukataa, aandike namba iliyooneshwa, tarehe na saa, nchi aliyopo na jina la kampuni inayompa intaneti, kisha awasilishe taarifa hizo kwa taasisi inayomiliki tovuti kwa barua pepe au simu zake rasmi. Kwa maelezo hayo mtaalamu wa taasisi anaweza kulitafuta ombi hilo katika kumbukumbu za seva na kuona ni mstari upi uliomfungia. Nenosiri lake asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ndiye mtaalamu huyo. Halihitajiki katika kazi hiyo.